Vidoa vya mawe kwenye boneti, usipake boneti nzima

Kaka, fundi akikwambia upake boneti nzima kwa vidoa vidogo vya rangi iliyobanduka kwa kupigwa na mawe barabarani, usikubali, hiyo unafanya mwenyewe. Kwanza jua kodi ya rangi (namba ya rangi ya gari lako), kwa Toyota angalia kibati cha mlangoni kwa dereva au ndani ya boneti palipoandikwa C/TR, namba za mwanzo ndo rangi yenyewe, mfano 040 nyeupe, 202 nyeusi, nenda nayo duka wanalochanganya rangi za magari wakupimie kidogo tu. Osha, kausha, kama kuna kutu ikwangue yote kwa msasa mpaka uone bati safi, hapa ndo wengi wanaharibu maana wanapaka juu ya kutu na baadae inafumuka tena. Bati likiwa wazi anza na praima (rangi ya msingi). Rangi weka kwa ncha ya kijiti cha meno, tone dogo, ikauke ndo uongeze, usijaze kwa mkupuo. Malizia na kliya (rangi ya juu isiyo na rangi, ya kulinda na kung'arisha), iache siku kadhaa, kisha msasa laini namba 2000 wa maji taratibuuu na polishi. Na usifanyie juani plz, rangi inakauka vibaya.