Mothership: mnachokisikia si ubovu wa CD

Tangu niutaje mkusanyiko wa Mothership wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, maswali yamemiminika, na karibu nusu yake yanatoka kwa watu wanaodhani wameuziwa CD mbovu. Kwa asiyeufahamu: ni nyimbo 24 katika CD mbili, ulitoka Novemba 2007. Nyimbo zilichaguliwa na wanabendi watatu waliobaki hai, yaani Jimmy Page, Robert Plant na John Paul Jones, kisha zikafanyiwa masteringi upya. Nimechambua maswali yanayojirudia.

Swali: Wanaposema "masteringi upya", ina maana walirudi studio wakapiga tena? Mbona dramu za When the Levee Breaks zinatisha hivi?

Jibu: Hakuna aliyerudi studio. Mpiga dramu mwenyewe, John Bonham, alifariki tarehe 25 Septemba 1980, na bendi ikavunjika mwaka huo huo.

Kazi ya kurekodi ina hatua tatu. Kwanza kila chombo kinarekodiwa katika njia yake kwenye mkanda. Pili ni miksi: njia zote zinachanganywa zinakuwa mbili, kushoto na kulia. Tatu ndiyo masteringi, ambapo fundi mitambo anaupokea mchanganyo ule uliokwisha kuiva na kuuandaa kwa santuri, CD au faili. Akifika hapo hawezi tena kuvitenganisha vyombo. Anaweza kunyanyua sauti nzito zote au kupunguza ukali wa sauti nyembamba, lakini hawezi kuigusa dramu kubwa bila kuligusa gitaa la besi linaloishi mle mle.

Basi ule mshindo umetoka wapi? Umetoka kwenye ngazi za nyumba. Bendi ilikuwa imepanga Headley Grange, jumba la zamani huko Hampshire, Uingereza, lililojengwa mwaka 1795 kuwahifadhi maskini. Dramu ziliwekwa ukumbini, chini kabisa ya ngazi, na fundi Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu, kwenye ghorofa. Wakati ule mazoea yalikuwa kuisogeza maikrofoni karibu na ngozi ya dramu. Yeye aliiacha sauti ipande ngazi peke yake, ikigonga kuta njiani, ndipo aidake. Halafu akaipitisha kwenye mashine ya mwangwi ya Binson. Unachokisikia ni mtu mwenye mguu mzito, akipiga ndani ya nyumba yenye dari refu. Masteringi ya 2007 imelifuta vumbi dirisha, lakini nyumba ni ile ile.

(Wimbo wenyewe, kwa taarifa yenu, ni wa mwaka 1929. Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie waliurekodi kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927.)

Swali: Nina CD ya mwaka 1990 na sasa nina Mothership. Nikizishindanisha, Mothership inaunguruma zaidi, lakini baada ya nyimbo sita masikio yanachoka. Ni umri wangu?

Jibu: Waache wanaokucheka, masikio yako ni mazima. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Sauti ya kidijitali ina dari. Ukifika kilele chake, huwezi kupanda tena. Ukitaka wimbo usikike mkubwa zaidi na dari limekwisha kukuzuia, unabaki na njia moja: kuvibana vilele, kama vile pigo la dramu au mkwaruzo wa gitaa, ili kiwango cha jumla kipandishwe. Sehemu za chini zinasogea juu, sehemu za juu zinakatwa vichwa. Kwa sekunde ishirini za mwanzo inasisimua, kwa kuwa sikio la binadamu huichukulia sauti kubwa kuwa ndiyo sauti nzuri. Dakika ya ishirini limechoka, kwa sababu hakuna tena mahali pa kupumzika.

Mwaka 2007 mchezo huu ulikuwa umepamba moto. Kila kampuni iliogopa CD yake isikike dhaifu ikichezwa baada ya ya jirani. Mwaka uliofuata ndipo mashabiki wa bendi ya Metallica walipolalamika kwa sauti moja kuhusu albamu yao Death Magnetic, iliyobanwa mpaka ikakwaruza. Mothership haikufika huko, lakini imebanwa. CD zako za 1990, alizozisimamia Page mwenyewe pamoja na fundi George Marino wa New York, zina nafasi zaidi ya kupumua.

Fanya jaribio hili. Cheza Since I've Been Loving You kutoka CD zote mbili, lakini ile ya 2007 ipunguze sauti mpaka zilingane kwa sikio. Zikilingana, sikiliza jinsi wimbo unavyonyong'onyea na kisha kulipuka. Kupanda na kushuka huko ndiko roho ya Led Zeppelin. Mimi nilipofanya jaribio hilo niliirudisha ya 1990 kwenye mashine, na sijaitoa.

Kwa wanaosikiliza kwa mtandao, habari ni tofauti kidogo. Huduma kubwa za kutiririsha muziki husawazisha sauti: wimbo uliobanwa sana hushushwa wenyewe ulingane na wenzake. Faida ya kupiga kelele imekufa, madhara yake yamebaki. Tena toleo linalopatikana siku hizi si lazima liwe la 2007, kwa kuwa Mothership ilitolewa tena mwaka 2015 ikiwa na masteringi mpya iliyofanywa kwa ajili ya albamu zote za bendi, na ile ni tulivu zaidi. Angalia mwaka kabla hujalipa.

Swali: Katika Whole Lotta Love, karibu na mwisho, namsikia Plant akiimba mstari kwa mbali kabla hajauimba kwa nguvu. CD yangu ina mzimu?

Jibu: Mzimu upo, tena ni wa tangu 1969. Sauti ya Plant kutoka sehemu nyingine ya mkanda ilipenya mahali isipotakiwa. Fundi Eddie Kramer, aliyefanya miksi hiyo pamoja na Page, amesimulia kwamba walishindwa kuiondoa, basi wakaona heri waitilie mwangwi ifanane na kitu kilichokusudiwa. Ikawa ndiyo sehemu inayongojewa na kila mtu. Kadiri masteringi inavyosafisha, ndivyo mzimu unavyosikika vizuri.

Swali: Heartbreaker inakatika ghafla kama umeme umezimwa. Nirudishe dukani?

Jibu: Usirudishe. Katika albamu ya pili wimbo huo unakatwa makusudi, na papo hapo unaingia Living Loving Maid, bila hata pumzi. Redio za Marekani zilizoea kuzicheza mbili kwa pamoja kama wimbo mmoja. Kwenye Mothership pacha wake ameachwa nje, inafuata Immigrant Song, hivyo unabaki umekanyaga hewa. Kwangu mimi hili ni kosa la uchaguzi. Ukiwatenganisha mapacha, walau umpe mmoja mwisho wa polepole.

Swali: Kwa nini wimbo ninaoupenda haumo? (Hili limeulizwa na wengi. Going to California ndiyo inayoongoza, ikifuatiwa na Ten Years Gone.)

Jibu: Tuhesabu. Nyimbo zimepangwa kufuata miaka: nne kutoka albamu ya kwanza, tatu kutoka ya pili, mbili kutoka ya tatu, nne kutoka ya nne, nne kutoka Houses of the Holy, tatu kutoka Physical Graffiti, mbili kutoka Presence, mbili kutoka In Through the Out Door. Coda, iliyotoka baada ya bendi kuvunjika, haikupewa hata moja.

Physical Graffiti ina nyimbo 15, ikapewa nafasi tatu. Lakini aliyedhulumiwa hasa ni albamu ya tatu. Upande wake wa pili karibu wote ni magitaa makavu, yasiyo ya umeme, nyimbo za kukaa kando ya moto, na hakuna hata wimbo mmoja wa upande huo uliochaguliwa. Ukiifahamu bendi hii kwa Mothership peke yake, utadhani ilikuwa ya ngurumo tu, kumbe nusu ya uzuri wake ulikuwa katika kunyamaza.

Pia neno "vibao", lililozoeleka kwa mikusanyiko kama hii, halikai vizuri kwa watu hawa. Nchini kwao Uingereza hawakuwa wakitoa singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake nje ya albamu. Kampuni ilipojaribu kuitoa Whole Lotta Love ikiwa imefupishwa, meneja wao Peter Grant aliizuia. Huko Marekani singo hiyo ilitoka na ikafika namba 4, lakini Stairway to Heaven, wanayoijua hata wasiopenda roki, haikuuzwa kama singo wakati wote wa uhai wa bendi. Aliyeitaka alinunua albamu nzima. Ndio maana mkusanyiko wao wowote unaonekana una mapengo: nyimbo zilitungwa zikiwa na majirani.

Swali: Wimbo uitwao Houses of the Holy umeorodheshwa kuwa wa albamu ya Physical Graffiti. Ni kosa la uchapaji?

Jibu: Si kosa. Waliurekodi wimbo, wakaipa albamu jina lake, wakauacha wimbo nje ya albamu, wakautoa miaka miwili baadaye.

Swali: Kwa nini jina la Willie Dixon limo kati ya watunzi wa Whole Lotta Love? Matoleo ya zamani hayakuwa nalo.

Jibu: Kwa sababu maneno mengi yalitoka kwenye wimbo wa Dixon, mtunzi wa bluzi wa Marekani, uliokuwa umerekodiwa na Muddy Waters mapema miaka ya 1960. Dixon alifungua kesi mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama miaka miwili baadaye. Mtunzi Anne Bredon naye alipata jina lake kwenye Babe I'm Gonna Leave You, kwa kuchelewa vile vile. Ninaipenda bendi hii kwa dhati, na kwa dhati hiyo hiyo nasema waliazima mno bila kuaga. Kusafisha majina kwenye kijitabu ni masteringi nayo.

Swali: Je, bendi nyingine ya roki, AC/DC, wana mkusanyiko wa namna hii?

Jibu: Hawana, wamekataa miaka yote. Zilizo karibu ni Who Made Who ya 1986 na Iron Man 2 ya 2010, na zote mbili zilitolewa kwa ajili ya filamu.

Swali: Ninunue CD au santuri?

Jibu: Ya santuri ni sahani nne, maana upande mmoja ukizidi dakika ishirini na kitu mifereji inabidi isongamane na besi ipunguzwe. Utanyanyuka kugeuza mara nyingi. Kama una mashine nzuri na magoti mazima, sawa. Kama huna, CD inatosha.

Swali: Katika Since I've Been Loving You kuna kitu kinalia kama bawaba ya mlango, kila Bonham anapopiga. Sikuwahi kukisikia kabla.

Jibu: Ni kanyagio la dramu yake kubwa. Lilihitaji mafuta, hakuna aliyelitia, na mkanda ukaendelea kuzunguka. Page amekiri kwamba kila akiusikiliza wimbo linazidi kusikika. Sasa kwa kuwa umelisikia, pole: hutaacha kulisikia tena.