CBT sio kujisifia mbele ya kioo, hivi ndo ilivyonirudisha kwenye daladala

Mkuu umeuliza kama CBT, yaani ile tiba ya mazungumzo ya kubadili mawazo na tabia, ni kujiambia "naweza naweza" mpaka uamini, maana hofu inakukamata ukiwa kwenye gari. Yangu ilianzia Mbagala kwenda Kariakoo, daladala imejaa mpaka mlangoni, foleni haisogei, ghafla moyo unadunda, vidole ganzi, jasho, nikajua ndo nakufa mbele ya konda. Nimepimwa moyo mara 3 hamna kitu, nikaambiwa vidonda vya tumbo nikameza dawa mwezi mzima, nyumbani nao wanasema nimerogwa.

Mama mmoja mwanasaikolojia ndo akanichorea duara kwenye karatasi: moyo unadunda, akili inasema "hii ni moyo kusimama", unaogopa, unahema haraka, hewa chafu ya kaboni inapungua mwilini kupita kiasi, ndo ganzi na kizunguzungu vinakuja, unazidi kuogopa. Hilo wazo la katikati linapita fasta huwezi hata kuliona. Daktari Aaron Beck wa Philadelphia ndo aliliona kwa wagonjwa wake wa sonona miaka ya 1960, akaanza kuwafundisha kulikamata na kulihoji kama shahidi mahakamani.

Kwa hiyo daftari. Naandika nilikuwa wapi, nini kilipita kichwani, naamini kwa asilimia ngapi, ushahidi uko wapi. Mara ya kwanza niliandika "nitazimia, 90". Akaniuliza, umeshazimia mara ngapi? Sifuri. Akasema kuzimia mara nyingi presha inashuka, wewe ukiogopa yako inapanda. Nikafuta nikaandika 50, kiukweli daftari peke yake lisingenitosha.

Siku nyingine akanipa mrija wa soda, nizibe pua nihemee humo dakika nzima palepale ofisini. Mambo yaleyale ya Mbagala yakaja, kifua kinabana, kichwa chepesi, nimekaa tu kwenye kiti cha plastiki, na yakaondoka yenyewe. Nilicheka mpaka aibu.

Kilichonitoa hasa ni kuacha vijitabia vyangu. Nilikuwa lazima nikae siti ya mlangoni, chupa ya maji mkononi, kidole kwenye mshipa nahesabu mapigo. Nilidhani vinanisaidia kumbe kila nikifika salama akili inasema chupa ndo imeniokoa, haijifunzi kitu. Tukapanga ngazi, kwanza gari tupu saa 4 asubuhi, halafu siti ya nyuma, halafu bila maji, mwisho kusimama katikati saa 12 jioni bila kushuka hata hofu ikipanda, maana kwa kawaida ikishafika kileleni inashuka yenyewe. Wiki hiyo ya mwisho nilichukia maisha sitaki kudanganya.

Sesheni zilikuwa 12, kila moja na homuweki, usipofanya unapoteza hela yako. Ila kapime moyo na ile tezi ya shingoni kwanza, maana nayo ikichachamaa inadundisha moyo hivihivi. Chupa siku hizi nabeba nikiwa na kiu tu.