Kabla ya tamko, kaeni kwenye kikao cha ukoo

Nimekuwa katibu wa jumuiya yetu kwa miaka sita, huku Kanda ya Ziwa, na kosa kubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya lilipigiwa makofi kanisani.

Mama mmoja wa jumuiya alifiwa na mumewe. Arobaini haijafika, shemeji zake walishachukua hati ya kiwanja, kadi ya pikipiki na laini ya simu ya marehemu. Kamati yetu ya Haki na Amani ikachemka. Tukaandika tamko kali, likasomwa Jumapili wakati wa matangazo. Jina hatukutaja, lakini nani hakujua? Watu wakashangilia. Jumatatu asubuhi yule mama alitoka kisimani akakuta kitasa cha mlango kimebadilishwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza kama anataka jambo lake lisomwe mbele ya watu.

Kwa hiyo, kama kanisa au msikiti wenu unataka kutetea haki, ushauri wangu wa kwanza hauna makuu: muulizeni mwenye shida anataka nini, na atalala kwa nani siku ukoo ukikasirika. Sisi tulikuwa na kipaza sauti. Kitanda cha kumlaza usiku ule hatukuwa nacho.

Halafu angalieni tunaondoka msibani saa ngapi. Tunazika, tunakula ubwabwa, tunaaga. Mali inagawanywa baada ya turubai kushushwa, siku ya kuanua tanga, wakati padri, mchungaji na kwaya wameshafika kwao. Siku hizi jumuiya yetu inatuma watu wawili kwenye kikao cha ukoo: mzee ambaye ukoo utamstahi, na mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, asiyeogopa kuuliza. Wanaomba kuketi kama majirani, na mmoja anajitolea kuandika muhtasari. Hiyo kazi ya kuandika msiidharau. Mtu akienda kuomba usimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao cha ukoo ndio karatasi atakayoulizwa mapema kabisa. Tena nimeona watu wakimeza maneno mazito kwa sababu tu kuna mtu ameshika kalamu.

Sheria nayo tulijifunza kwa kuchelewa. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mjane ana uhuru wa kuishi anapopenda, na kutoolewa tena au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Nimewahi kukisoma kwa sauti kwenye kikao, shemeji mtu akaniomba nikirudie. Nyumba ya ndoa pia, mume akiwa hai, haiuzwi bila ridhaa ya mke. Mambo haya yanafundishika kwenye semina ya wachumba, kabla hakujawa na wa kulia. Na kila wilaya ina wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017. Mwalikeni mmoja awaeleze mahakama ya kuanzia, maana mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu, na mkikosea mlango mtapoteza miezi.

Aliyenifungua macho zaidi ni imamu wa mtaa wa pili. Mjane Mwislamu, aliniambia, fungu lake limetajwa katika Sura An-Nisaa: thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kama marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha. Kinachomuumiza ni eda. Miezi minne na siku kumi mama katulia ndani, huku ndugu wa marehemu wanazunguka mjini na hati. Kina mama wa msikitini kwake wakaanza kutunziana nakala za hati na vyeti. Tukawaiga bila aibu.

Je, matamko hayana kazi? Yanayo, ila yaelekezwe kwenye sheria, yaache familia. Kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 humnyima mjane urithi wa mumewe. Wajane wawili Watanzania walizipinga mahakamani wakakwama, wakapeleka shauri lao Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia haki za wanawake ikasema nchi yetu ilikiuka haki zao. Hapo ndipo ninapotaka kusikia maaskofu na masheikh wakisema kwa sauti moja. Hapo hakuna mama atakayebadilishiwa kitasa.

La mwisho linaniuma. Mmoja wa shemeji wale alikuwa ametuahidi saruji ya mnara wa kengele. Nilitaka tuikatae, halmashauri ya parokia ikapiga kura, nikashindwa. Saruji ikaja. Mnara umesimama, mzuri kweli, na kengele ikilia mimi huangalia chini. Amueni kuhusu zawadi za namna hiyo wakati bado hamjaahidiwa hata mfuko mmoja, maana ukishaona ramani ya mnara roho inalegea.

Yule mama alikaa kwa mjumbe wetu mmoja miezi mitatu. Baadaye mahakama ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi, akapewa miezi minne kuwasilisha orodha ya mali. Aliniita nimsaidie kujaza fomu, akaorodhesha mpaka sufuria. Leo ndiye mama wa WAWATA tunayemtuma kwenye vikao. Wiki iliyopita tulikuwa na msiba mwingine, jeneza halijatolewa ndani, akanivuta pembeni.

"Katibu, hati anazo nani?"