Nafasi za uzamivu (PhD) wa asteroidi zenye mshahara: jibu kwa mdogo wangu wa Masasi

Mdogo wangu, umeuliza kama nafasi za kutafiti sayari na asteroidi (miamba midogo kuliko sayari inayozunguka jua), zile zenye mshahara, zipo kweli au ni utapeli, na kama mwenye digrii moja ya fizikia aliyeko Masasi anaweza kuzipata. Zipo. Mimi ni wa Lindi mjini, nilisoma jiolojia, na sasa niko mwaka wa pili wa uzamivu huku Ulaya.

Elewa kwanza kwamba hii ni ajira. Kuna mradi umeshapata fedha, una swali lake, na profesa anatafuta mtu wa kulifanyia kazi swali hilo miaka mitatu au minne. Barua zangu kumi na moja za mwanzo zilikataliwa, na leo nikizisoma naona sababu: zote zilieleza ninavyopenda nyota tangu utotoni. Ni kweli nazipenda, ila hapakuwa na mstari hata mmoja unaoonyesha kazi ninayoiweza.

Mambo yalibadilika Juni 2022, zilipotolewa bure data za Gaia, chombo cha anga cha Ulaya, zikiwemo spektra za asteroidi zaidi ya 60,000. Spektra inaonyesha uso wa mwamba unavyorudisha mwanga wa jua, rangi kwa rangi. Ukiilinganisha na ya vimondo vilivyopimwa maabara, unakisia ule mwamba umeumbwa na nini. Msimu ule wa korosho nilikuwa karani wa ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mchana napima magunia, usiku wa manane nashusha data kwa bando la usiku. Laptop ya zamani, Python (lugha ya kompyuta) ya bure, na vipimo vya vimondo kutoka hazina ya RELAB ya Chuo Kikuu cha Brown, navyo bure. Nikachagua asteroidi nyeusi zenye kaboni, nikazilinganisha na kimondo cha Ivuna.

Ivuna ni chetu, jamani! Kilianguka Desemba 1938 kusini-magharibi mwa Tanzania, na kundi zima la vimondo vya aina yake linaitwa CI. Hiyo I ni ya Ivuna. Wajapani walipoleta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu kwa chombo cha Hayabusa2, Desemba 2020, ilionekana zinafanana sana na kundi hilo. Shuleni nilifundishwa kimondo cha Mbozi tu. Hiki sikutajiwa, na inaniuma mpaka leo.

Kazi ile ikawa kurasa nne zenye grafu tatu. Barua ya kumi na mbili niliiandikia mradi mmoja tu, nikataja swali lao na grafu yangu inapoligusa. Nikaitwa kwenye usaili wa video. Karibu muda wote waliniuliza kwa nini nilifuta pointi za mwanzo na mwisho wa spektra. Nikawaeleza kwamba kwenye ncha hizo vipimo vya Gaia haviaminiki sana. Hapo ndipo waliponichukua.

Kwa digrii moja, Ulaya watakudai uzamili mara nyingi; Marekani idara nyingi zinapokea moja kwa moja kwenye uzamivu. Huko vyuo hutoza ada ya maombi, andika uombe msamaha wa ada kabla ya kulipa. Ukishapata uzamili, tazama mitandao ya uzamivu (vyuo kadhaa vinavyoajiri kwa mradi mmoja) ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya: taifa lolote, mkataba wa ajira, na sharti usiwe umeishi nchi inayokuajiri zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyopita. Kukaa kwako Masasi hapo ni sifa. Mtu akitaka umtumie hela ya "kushughulikia mkataba", achana naye.

Barua za wadhamini zishughulikie mapema sana. Mwalimu wangu mmoja alichelewesha yangu wiki tatu, na nafasi niliyoitamani kuliko zote ikapita. Sasa namwambia kila mtu: omba wiki sita kabla, mpelekee mwalimu kazi yako na tarehe, mkumbushe kwa adabu kila wiki.

Aprili 13, 2029 asteroidi Apophis itapita kama kilomita 32,000 juu ya ardhi, na sisi tulioko Afrika tutaweza kuiona kwa macho. Watu wa kuifanyia kazi wanatafutwa sasa. Anza na asteroidi ishirini tu wiki hii. Ukikwama weka grafu yako hapa kwenye uzi, na barua yako ya kwanza nitaisoma mwenyewe kabla hujaituma.