Kabla hujagusa skrubu ya triga, itoe bunduki kwenye mbao

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mafinga aliniandikia. Ana bunduki ya .30-06 (ndiyo aina ya risasi yake) aliyoifungia triga mpya, yaani kile kifyatulio cha kuvuta kwa kidole, na tangu mvua zikolee anasema inavutika "kama breki ya baiskeli yenye kutu". Swali lake lilikuwa moja tu: alegeze skrubu ipi, ya mbele au ya nyuma?

Nilisoma nikaiweka simu mezani, nikakaa kama dakika kumi bila kujibu. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikajijibu mwenyewe, na jibu langu nusura limuue mjomba wangu.

Bunduki yangu niliirithi kwa marehemu baba. Ni Mauser 98, umbo lile ambalo jeshi la Ujerumani lililichukua mwaka 1898 na mafundi wa dunia nzima wakaendelea kuliiga. Triga yake ya asili inavutwa kwa hatua mbili: kwanza mwendo mrefu na mwepesi, kisha inagota, halafu unaongeza nguvu kidogo ndipo inafyatua. Baba aliwinda nayo maisha yake yote na sikumsikia akiilalamikia hata siku moja. Mimi, baada ya polisi kumaliza taratibu za leseni na bunduki kuwa kwa jina langu, nikaiona ya kizamani. Wenzangu tuliokuwa tunakwenda nao kuwinda Chunya walikuwa na triga ambazo ukizigusa tu zimeachia. Nikataka na yangu iwe hivyo. Nadhani wewe unayesoma hapa unanielewa. Hatungekuwa tunasumbuka na haya mambo kama tusingetaka risasi moja imalize kazi.

Nilinunua triga kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, Dar es Salaam. Jina la kampuni iliyoitengeneza silitaji, kwa sababu mwisho wa yote niligundua haikuwa na kosa. Nilinunua na darubini. Hapo kuna jambo wengi hawaambiwi. Sefti ya asili ya Mauser, yaani kizuizi cha usalama, ni kile kibawa kilicho nyuma ya bolti, lile komeo la chuma linalofunga risasi ndani, na ukikigeuza kinaishika pini yenyewe inayogonga risasi. Darubini ikifungwa chini, kibawa kinakosa nafasi ya kupita. Kwa hiyo triga nyingi za kisasa huja na sefti ya pembeni, na nyingi kati ya hizo, yangu ikiwemo, huzuia triga peke yake. Pini inabaki imeshikiliwa na kijino kidogo cha chuma kilicho ndani. Kijino hicho kikishika vibaya, sefti yako ni pambo.

Fundi alichonga mbao inayobeba bunduki ili triga mpya iingie. Alichonga kwa kubana, hata karatasi haikupita kati ya chuma na mbao. Nilimsifu, nikamwongezea na hela ya soda.

Sasa, mimi ni mtu wa Tukuyu. Huku mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Chumvi inalowa mezani, na mlango wa stoo yangu ukifika Machi haufungi mpaka niusukume kwa bega, kwa kuwa mbao imevimba. Miaka yote nausukuma mlango ule kwa bega. Na mwezi Aprili, triga yangu ilipoanza kuwa nzito na ya kukwaruza, sikukumbuka kabisa kwamba bunduki nayo ina mbao.

Nilikaa sebuleni na bisibisi. Skrubu moja hupunguza nguvu ya springi, nyingine hupunguza kiasi ambacho kile kijino kinashika. Nikalegeza kidogo, nikavuta. Nikalegeza tena. Nikaigusa na ile nyingine. Jioni triga ilikuwa nyororo kama siagi. Nikazipaka skrubu rangi ya kucha ya mke wangu zisicheze, nikajiona fundi. Nilipiga hadi simu tatu kujisifu, Mungu anisamehe.

Julai tukaenda Chunya. Kutoka Mbeya mjini ni kilomita 72 hivi. Unaupanda mlima kwenye baridi na ukungu, kisha unateremkia joto na vumbi. Bunduki ilikaa kambini siku nne kwenye hewa kavu ile. Mbao ikanywea. Kile kilichokuwa kinaibana triga kikaondoka, na vikabaki vile nilivyovilegeza mimi: springi dhaifu na kijino kinachoshika kwa unywele.

Siku ya tano alfajiri tulimpata kongoni dume, kama mita 150. Mjomba alikuwa mbele yangu upande wa kushoto, ameinama anatazama chini ya matawi. Askari wa wanyamapori alikuwa nyuma. Nikasukuma sefti kwa kidole gumba. Kidole cha shahada kilikuwa nje kabisa, hilo naapa. Bunduki ikalia.

Risasi iliingia ardhini hatua moja hivi kutoka mguu wa mjomba. Mchanga ukamrukia mpaka shingoni. Niseme na la pili, maana muda mrefu nililificha: mtutu wangu ulikuwa unaelekea mahali ambapo haukupaswa kuelekea. Triga ilikosea mara moja, mimi nilikosea mara mbili.

Mjomba alisimama, akajipangusa taratibu. Akasema, "Mpwa, weka hicho kitu chini." Hakuongeza neno. Askari akaivunja safari palepale, na alikuwa na haki.

Nyumbani nilianza kwa hasira. Nilimwandikia muuzaji barua ndefu, nikamwita mwizi. Kosa la kiwandani lipo, sikatai: mwaka 2014 Remington ya Marekani iliwataka wateja warudishe bunduki za Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuifanya bunduki ijifyatue. Lakini muuzaji wangu alinijibu kwa sentensi moja, na kwa adabu ambayo sikuistahili: je, umeijaribu nje ya mbao?

Sikuwa nimeijaribu.

Basi mdogo wangu wa Mafinga, fanya hivi. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Fungua bolti, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kisha ingiza na kidole uhakikishe. Funga bolti kwa nguvu, mara ishirini, bila kugusa triga. Pini isianguke hata mara moja. Weka sefti, vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha ondoa sefti, pini isianguke. Ikiwa imekokiwa, gonga kitako kwa nyundo ya mpira; isianguke. Kisha toa chuma kwenye mbao na urudie yote. Ikiwa nje ya mbao inavutika vizuri na ndani inakuwa nzito, skrubu hazina kosa, mbao ndiyo inabana.

Mahali inapobana nilipapata kwa rangi ya mdomo, ya mke wangu tena (siku hizi anafungia kabati). Nilipaka pembeni mwa triga, nikarudisha chuma kwenye mbao, nikakaza, nikatoa. Doa jekundu lilikuwa ubavuni, ukubwa wa ukucha. Fundi mwenye kibali alikwangua hapo mpaka kadi ya simu ikapita pande zote, akapaka vanishi mbao iliyobaki wazi isinywe maji tena. Yeye huyohuyo akarudisha skrubu zilivyotoka kiwandani. Kazi ya skrubu mwachie yeye. Mimi nilijifanya najua, na matokeo umeyasoma.

Tena usitie mafuta ya cherehani ndani ya triga. Baridi ya Mafinga alfajiri inayafanya mazito, vumbi la porini linayanasa, mwishoni unapata uji. Safisha kwa petroli ya kujazia kiberiti, iache ikauke, basi. Na acha kutafuta wepesi. Nilipoipima ile yangu kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama, iliachia kwenye gramu 600. Bunduki ya kutembea nayo porini iweke kilo moja na nusu au zaidi. Vijana mnadhani triga nyepesi ndiyo shabaha. Shabaha ni pumzi na mazoezi, na mtu asiyeweza kupiga kwa kilo moja na nusu hata kwa gramu 600 atakosa. Nimewaona wengi, wana vifaa vya mamilioni na hawajui mtutu wao unaelekea wapi. Nilikuwa mmoja wao, ndiyo maana nasema kwa ukali.

Sasa hivi bunduki iko sawa masika na kiangazi. Mwezi uliopita nilipiga tatu kwa mita 100, matundu yote nikayafunika kwa kizibo kimoja cha soda. Picha ninayo kwa atakayebisha.

Nilimtumia mjomba picha ile. Jumapili nikampigia, nikamwambia tunaondoka Julai, gari lipo, nafasi yake ya mbele ipo. Akaniuliza habari za watoto, akauliza na ng'ombe, kisha akasema Julai atakuwa anapalilia migomba.

Mjomba ana migomba kumi na miwili, na palizi yake haimalizi siku mbili.