Data Zetu Tuziweke kwa Watu wa Nje?

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Kampuni yetu inasafirisha mizigo. Hesabu, mishahara na orodha ya wateja vyote vimo kwenye seva tuliyoiweka stoo. Fundi wetu anakaribia kustaafu, na mhasibu anatushauri tuhamishie kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine tunazozifikia kwa intaneti. Mwenzangu hataki kusikia. Anasema data ikishatoka ofisini si yetu tena. Tufanyeje?
Msomaji, mwenye hisa

JIBU: Ndugu yangu, hamieni. Nimetunza seva za watu kwa miaka mingi, na kinachonitia hofu katika barua yako ni hiyo stoo: mashine moja, fundi mmoja, naye anaondoka. Mwenzako anaona kitu kikiwa karibu ndicho salama. Maersk, kampuni kubwa ya meli, ilikuwa na mtandao wake na mafundi wake. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kikaingia, wakalazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji wa mtandao mzima zilifutika zote, ikasalia moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kirusi kilipopita. Hiyo ni bahati, na biashara haipangwi kwa bahati.

Lakini woga wa mwenzako usiupuuze. Mei 2024, UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, uliamka na kukuta mifumo yake imefutwa na Google Cloud, huduma ya wingu ya Google. Wakati wa kuiandaa, sehemu moja ya mipangilio haikujazwa, mfumo ukajiwekea muda wa mwisho, na ulipotimia ukaifuta wenyewe, katika maeneo mawili kwa mpigo. Waliweza kurudi kazini kwa sababu, pamoja na mengine, walikuwa na nakala kwa mtoa huduma mwingine kabisa.

Kwa hiyo ninachowasihi ni hiki: mpeni mtu wa nje kazi ya kuendesha mashine, lakini msimwachie nakala pekee ya data zenu. Nakala ya pili ikae kwa kampuni nyingine, jengo jingine, akaunti nyingine, na nywila ya huku isifungue kule. Kituo cha seva cha OVHcloud, kampuni ya wingu ya Ufaransa, kilipoungua mjini Strasbourg, Machi 2021, kuna wateja waliopoteza nakala zao pia, kwa kuwa zilikuwa palepale. Na Code Spaces, kampuni iliyowatunzia waandishi wa programu kazi zao, haikuhitaji hata moto mwaka 2014: mvamizi aliingia kwenye akaunti yao, akafuta data na nakala nyingi, na kampuni ikafungwa.

Halafu ijaribuni hiyo nakala. Chukueni kompyuta tupu, mrejeshe nakala ya jana, mhasibu afungue mishahara na kulinganisha jumla na ile anayoijua. Nimewahi kukuta ripoti inayosema kila usiku kwamba nakala imekamilika, kumbe mafaili ni matupu. Wenye kampuni walikuwa wanalala usingizi mzito kwa ajili ya ripoti ile.

Akaunti kuu isajiliwe kwa barua pepe ya kampuni, wala si ya fundi. Hili linaonekana dogo hadi siku fundi anapoondoka na simu inayopokea namba za uthibitisho.

Kuhusu usiri, mishahara na taarifa za wateja zifungwe kwa usimbaji, yaani zigeuzwe ziwe maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, na ufunguo huo mbaki nao ninyi ikiwezekana. Mkataba useme data zinahifadhiwa nchi gani na nani wa upande wao anaruhusiwa kuziona.

Kabla ya kusaini, mwenzako mwenyewe amuulize mtoa huduma: siku tukitaka kuondoka, data zetu tutazipata katika muundo gani, ndani ya muda gani na kwa malipo gani? Akikwepa kujibu kwa maandishi, tafuteni mwingine.