Maswali ya wasomaji: Grini kadi kupitia ubalozini na jina lenye tahajia tatu

Mwezi huu barua nyingi zinauliza kitu kimoja, jinsi ya kuomba ukaazi wa kudumu wa Marekani ukiwa nje ya nchi hiyo, yaani fili inaanzia kwao halafu inakuja kumalizikia ubalozini unapofanyiwa intavyuu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana nimeona watu wengi wanaponzwa na mambo yale yale.

SWALI: Shikamoo anti. Mume wangu ni raia wa Marekani, aliniombea kwa fomu I-130 na imeshapita, sasa fili iko kituo cha viza cha NVC. Kuna kaka mmoja wa kujaza fomu anasema nikimlipa atanifanyia mpango tarehe ya intavyuu iwe mapema. Pia ananiambia nisiandike ndoa yangu ya kwanza kwa sababu ilikuwa ya muda mfupi na hatukupata mtoto. Halafu jina la baba pasipoti inasema Abdallah, cheti cha kuzaliwa Abdalla, cheti cha ndoa Abdala. Naogopa hadi usingizi hauji.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole kwa hizo wasiwasi. Naanza na la ndoa kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia kabisa, mengine yote yanarekebishika. Hiyo ndoa iandike. Fomu DS-260, ile ya kuomba viza ya uhamiaji unayojaza onlaini, inauliza wenza wote uliowahi kuwa nao, na hati ya talaka itatakiwa. Ndoa iliyovunjika haikunyimi viza hata kidogo, ila ukiificha na wakaja kugundua inahesabiwa umedanganya kuhusu jambo la msingi, na adhabu yake haina mwisho, unafungiwa maisha usiingie Marekani na kutoka hapo ni mpaka uombe msamaha maalumu ambao siyo kila mtu anapewa. Sasa kitu cha kukagua leo leo ni tarehe: talaka lazima iwe imekamilika kisheria kabla ya siku uliyoolewa na huyu mume wa sasa. Kama iko hivyo, tulia. Kama tarehe zimepishana, hapo tafuteni wakili wa uhamiaji mwenye leseni kabla hujabonyeza kitufe chochote, kwa sababu ndoa ya pili inaweza kuonekana si halali na ombi zima limesimama juu yake.

Huyo kaka wa tarehe mkimbie. Hakuna mtu anayeuza tarehe. NVC wakishaona karatasi zako zimekamilika wanakuweka kwenye foleni ya ubalozi husika, na nafasi zinatoka kulingana na ubalozi una nafasi ngapi, basi. Dharura ya kweli kama ugonjwa wa kutishia maisha unaomba mwenyewe na haulipii kuomba. Ada zenyewe mnalipa onlaini ndani ya akaunti ya CEAC, yaani mfumo wa onlaini wa viza wa serikali ya Marekani, dola 325 za ombi la viza na dola 120 za kukagua fomu ya udhamini I-864, kwa viwango vya sasa hivi ninapoandika. Hakuna hela inayopita mkononi kwa mtu. Na nikuulize, imeli iliyojazwa kwenye fili ni ya nani? Hawa wajazaji wengi wanaweka imeli yao na namba yao ya simu, barua zote zinaenda kwao na wewe unabaki kuwapigia kuuliza kuna jipya gani. Mwambie mumeo akutumie namba ya kesi na namba ya ankara, ziko kwenye barua ya kwanza ya NVC, ukiwa na hizo mbili unaingia mwenyewe na kuona kila kitu. Imeli ikiwa siyo yenu ibadilisheni.

Haya, jina. Hili linatisha kuliko lilivyo. Kwenye DS-260 kuna sehemu inauliza kama umewahi kutumia majina mengine, jibu ndiyo na uandike tahajia zote zilizopo kwenye vyeti vyako, herufi kwa herufi. Pasipoti ndiyo inaongoza, kwa hiyo viza itafuata pasipoti. Kama cheti cha kuzaliwa kinaweza kusahihishwa na ofisi iliyokitoa anza sasa hivi maana hizo ofisi haziendi mbio, na kama haiwezekani andaa kiapo kinachosema majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Afisa anakuwa na cheti chako mkono huu na pasipoti mkono huu, anachotaka ni maelezo yanayokubaliana na ulichojaza. Usijaribu kabisa kuongeza hiyo "h" kwa kalamu, wapo waliofanya hivyo, cheti cha kweli kikageuka cha kughushi!

Fomu pia inataka anwani zote ulizoishi tangu ukiwa na miaka 16, kaa na mama au dada mkumbushane kabla hujafungua kompyuta. Nchi nyingine yoyote uliyoishi mwaka mzima au zaidi tangu umri huo itahitaji cheti cha polisi cha kule. Vyeti ambavyo siyo vya Kiingereza wala lugha rasmi ya nchi unayofanyia intavyuu vinatafsiriwa na mfasiri anaweka tamko lake na sahihi. Kipimo cha afya ni kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi tu, wa kwako hata awe bingwa hakubaliki, na usikimbilie kupima mapema mno kwa sababu muda wa viza unafuata muda wa kile kipimo, kwa kawaida miezi 6.

Siku yenyewe beba vyeti halisi hata kama vyote ulishavipandisha kwenye mfumo, na ukurasa wa uthibitisho wa DS-260 uuprinti. Unachukuliwa alama za vidole, unanyanyua mkono wa kulia unaapa, halafu maswali. Ndiyo maana nasisitiza la ile ndoa, kwa sababu ukishaapa unakuwa unaithibitisha fomu nzima pamoja na ulichoacha kuandika.

Kingine, kama siku unaingia Marekani ndoa yenu itakuwa haijatimiza miaka 2, utapewa kadi ya miaka 2 yenye masharti, na mtatakiwa kujaza I-751, fomu ya kuomba masharti yaondolewe, ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha.

SWALI: Habari dada. Mimi nina uraia wa Marekani na nimemuombea mama yangu, intavyuu iko karibu. Nilidhani mdogo wangu wa kike wa miaka 15 anaingia kwenye fili ya mama, sasa naambiwa haingii. Mama anasema bila yeye haendi.

JIBU: Nimeisoma barua yako mara mbili kaka, inauma. Ulichoambiwa ni kweli. Mzazi wa raia yuko kwenye kundi lisilo na foleni, hiyo ndiyo raha yake, lakini kundi hilo halibebi wategemezi kwa hiyo kila mtu anahitaji ombi lake. Njia iliyo fupi zaidi ni mama kuingia, akishakuwa mkaazi wa kudumu siku hiyo hiyo ajaze I-130 kwa ajili ya binti, kundi linaitwa F2A, la wenza na watoto wa wakaazi wa kudumu. Lina foleni, mtahesabu miaka siyo wiki, mnafuatilia taarifa ya viza inayotoka kila mwezi. Wewe nawe unaweza kumuombea kama ndugu lakini foleni ya ndugu inapita miaka 10, ichukulie kama akiba. Binti asiolewe wakati anasubiri, kwa sababu mkaazi wa kudumu hawezi kumuombea mtoto aliyeolewa, ombi linakufa. Na mama amtaje kwenye DS-260 yake hata kama hawasafiri pamoja, hili msilisahau.

Kuhusu mama kukataa, msimlazimishe. Kaeni muongee binti atakaa na nani, ada ya shule nani, mama atakuja kumuona lini, kwa sababu mkaazi wa kudumu akikaa nje zaidi ya miezi 6 anaanza kuulizwa maswali, na mwaka mzima bila kibali cha kurudia ni hatari ya kuupoteza. Kama hamjapata jibu la hayo, ni bora kuomba ubalozi uisogeze intavyuu kuliko mama aende na moyo uliobaki nyuma.

SWALI: Anti nimefanya intavyuu ya viza niliyoombewa na mke wangu ambaye ni raia wa Marekani, nikapewa karatasi ya 221(g) eti kipato chake hakitoshi. Onlaini inaandika nimekataliwa. Ndiyo mwisho?

JIBU: Siyo mwisho. Mfumo unaandika hivyo kwa kila aliyepewa hiyo karatasi, maana yake fili inasubiri kitu kutoka kwenu, na mna mwaka 1 wa kukileta. Mkipitisha hapo mnaanza upya na ada mpya. Mdhamini anatakiwa awe na kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani, kwa kaya ya watu 2 mwaka 2025 ilikuwa dola 26,437, na kinabadilika kila mwaka. Mkeo akipungukiwa tafuteni mdhamini wa pamoja, raia au mkaazi wa kudumu wa miaka 18 au zaidi anayeishi Marekani, siyo lazima awe ndugu. Anajaza I-864 yake na karatasi zake za kodi, ya mkeo inabaki pale pale. Mwambieni ukweli kabla hajasaini: udhamini huo haufi hata nyie mkiachana, unaendelea mpaka uwe raia au ufikishe kama miaka 10 ya kazi, au uondoke moja kwa moja.

Angalia pia tarehe ya kipimo chako cha afya, kikiisha wakati mnatafuta mdhamini utapima tena kwa gharama zako. Kazi usiache, tiketi usikate, mpaka pasipoti irudi mkononi na viza iko ndani.